Kapteni wa Mninga

Wiki ya saba hii najianika mbele yenu, na bado mnanunua gazeti. Sijui kati yangu na ninyi ni nani mwenye matatizo makubwa zaidi.

Aliyezikosa wiki zilizopita asihangaike, maana aibu yangu inasimulika kwa pumzi moja. Naitwa Mwigulu, wa Nyahanga, Kahama. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu za nje kwenye banda la video. Mzungu akifyatua bunduki kwenye kioo, mimi na kipaza sauti changu nawaambia wachimbaji waliotoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, ni bunduki gani, inabeba risasi ngapi, na kama huyo Mzungu alipita jeshini au alipita tu dukani kununua miwani ya jua.

Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichonipa jina. Nilikuwa nasoma kwenye simu habari za nyota wa filamu, nani alitumikia jeshi na nani hakutumikia. Yule mwenye misuli, anayebeba kwa mkono mmoja bunduki ya kufungwa juu ya gari, nikatangaza kwamba hajalala kambini hata siku moja. Yule mzee mwembamba wa vichekesho, ambaye kwenye picha hashiki hata kisu cha mkate, nikasema ndiye aliyekwenda vitani na kurudi anachechemea. Banda lilitaka kupasuka kwa kelele. Watu wanapenda sana kuambiwa shujaa wao ni muongo, ilimradi shujaa mwenyewe anaishi mbali.

Kisha nikahamia kwa wa karibu.

Donatus alikuwa nyota wa filamu zetu za Kahama. Mrefu, mpole, haongei sana, na akishika bunduki unaona anajua anachoshika. Umaarufu wa bandani ukaniingiza redioni, nikasema: "Donatus hajapita jeshi lolote. Hata mgambo. Nimeulizia kambini, hakuna anayemjua."

Sikuulizia popote. Nilisema hivyo kwa sababu Donatus alikuwa anamchumbia Noela, na Noela nilikuwa namtaka mimi.

Baba yake Noela, Mzee Jilala, ni sajenti mstaafu, na alishasema binti yake haolewi na mtu asiyepita jeshini. Aliposikia redio akamfungia Donatus mlango bila kumuuliza neno. Donatus hakubishana na mtu. Akaacha filamu, akaenda Nkome, kando ya ziwa, kufanya biashara ya dagaa.

Nafasi yake nikapewa mimi. Aliyenipa ni Imran, mtoto wa Kamrudin wa duka la televisheni, ambaye anajiita mtengenezaji wa filamu kwa sababu baba yake ana kamera. Akanifanya Kapteni Nzagamba, yaani kapteni dume la ng'ombe, anayefukuza majambazi kwenye machimbo ya Geita. Akabandika bango kila stendi, Kahama mpaka Shinyanga: NYOTA ALIYETUMIKIA JESHI! BUNDUKI SI YA MBAO!

Jeshi sijatumikia. Bunduki ni ya mbao ya mninga, ilichongwa na fundi wa vitanda na kupakwa rangi ya viatu.

Wiki iliyopita mliniacha ndani ya bajaji, Shinyanga mjini, naenda kumposa Noela. Tuendelee.

Tulikuwa watatu. Baba mdogo Luka, mfugaji kutoka kijijini kwetu, alikuwa mshenga. Imran alikuja kupiga picha. Mimi nilikuwa nimevaa kombati la jeshi, shati na suruali, ambalo Imran alilitoa kwenye sanduku la mavazi ya filamu. Bunduki ilikuwa kwenye mfuko wa salfeti miguuni mwetu, mdomo wake umetokeza nje. Hilo lilikuwa wazo la Imran. Alitaka picha ya mkwe sajenti na mkwe kapteni wameshika bunduki pamoja. Mtu mwenye akili angekataa, na mimi nilikubali haraka.

"Mwigulu," akasema Baba mdogo, "hilo shati linakubana makwapani."

"Ndilo la kazi, Baba mdogo."

"Kazi ya kuigiza?"

"Ndiyo. Wewe ukiulizwa jibu kwa kifupi. Usiongeze."

"Mimi sijui kusema uongo, ng'wana wane."

"Hakuna aliyekuambia useme uongo."

Sikumwambia habari ya jeshi, kwa sababu angegoma kuja. Baba mdogo Luka ni mtu ambaye akiuza ng'ombe anaanza kwa kukuonyesha kidonda. Dereva wa bajaji alikuwa anatutazama kwenye kioo, mara uso wangu, mara salfeti. Nikadhani amenitambua kwenye bango, nikampungia mkono. Hakunipungia.

Mzee Jilala tulimkuta sebuleni amekaa wima, viatu vimeng'arishwa. Kwenye picha ukutani yupo yeye kijana, na bereti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Kaeni."

Tukakaa. Salfeti Imran aliiweka nyuma ya kochi. Wasiojua mila niwaambie: siku ya posa, mwoaji ni mtu bubu. Anayesema ni mshenga. Mwoaji anakaa, anatazama vidole vyake, anasubiri kuruhusiwa. Mimi niliyezoea kuongea saa tatu mfululizo kwenye kipaza sauti nilikuwa nimebanwa mdomo kuliko makwapa.

Baba mdogo alisema maneno yake vizuri. Wametoka wapi, ni ukoo gani, wameona ua gani kwenye nyumba hii. Mzee Jilala akaitikia kwa kichwa.

"Wabeja," akashukuru. "Kijana wenu namsikia redioni. Nampenda kwa jambo moja, anawaumbua waongo. Na mimi ni mtu wa jeshi, sina maneno mengi. Nauliza moja tu. Mshenga, kijana wenu alikuwa operesheni gani?"

Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa mmeshaanza kucheka. Wengine niwaeleze. Kila kundi la vijana wanaoingia JKT linapewa jina, na jina hilo ndilo operesheni. Ni sawa na kumuuliza mtu shule aliyosoma. Aliyepita anajibu kabla swali halijaisha. Mimi nilijua idadi ya risasi za kila bastola iliyowahi kuonekana kwenye kioo, lakini jina la operesheni hata moja sikulijua. Wala sikujua kwamba kuna kitu cha namna hiyo.

Baba mdogo Luka ndiye aliyekuwa na jibu.

"Ngiri, mzee."

"Nini?"

"Operesheni ya ngiri. Ilikuwa msimu wa pamba. Nilimpeleka mwenyewe kwa mkokoteni wa ng'ombe, tumbo limevimba. Alilia njia nzima."

Baba mdogo akaona kimya, akadhani mzee ana wasiwasi mwingine.

"Lakini alipona kabisa," akaongeza, mtu niliyemwambia asiongeze. "Uzazi hauna shida yoyote. Daktari alituhakikishia."

Mzee Jilala akamtazama. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Hii ndiyo mizaha ya kambini! Miaka mingi sijaisikia! Ngiri!"

Nikacheka. Imran akacheka kwa sauti ya juu, kama alivyozoea kuwacheka wateja wa baba yake. Nikamshukuru Mungu kwa ujinga wa watu wote waliokuwa ndani ya chumba kile. Baba mdogo peke yake hakucheka.

"Si mzaha, mzee. Kovu lipo. Mwigulu, simama umwonyeshe mzee."

"Mshenga, mshenga," Imran akamkatiza, "mzee ameshaelewa."

Mzee Jilala akajifuta machozi. Uso wake ulikuwa bado una furaha, lakini jicho moja lilikuwa limeanza kufanya kazi.

"Haya. Nimeruhusu kijana ajibu mwenyewe. Kambini mlijifunza silaha gani?"

Hapo nikafurahi. Silaha ndiyo mambo yangu.

"AK-47, baba. Risasi thelathini. Hata ukiitumbukiza kwenye matope inapiga."

"AK-47," akarudia polepole. "Sisi kule tunayo SMG."

Sasa tazameni kichwa changu. Kila wiki redio inasema polisi wamekamata majambazi na bunduki aina ya SMG. Nimesikia neno hilo tangu utotoni. Lakini mimi nililelewa na filamu za Wazungu, na kwenye filamu hakuna anayesema hivyo. Nikajua ni bunduki nyingine.

"Ah, SMG pia nimeipiga sana, baba. Ila ukilinganisha, AK inatulia mkononi. SMG inarukaruka."

Mzee Jilala akaweka mikono yake juu ya magoti.

"Kijana. Hizo ni bunduki moja."

Noela alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe na chupa ya chai. Alikuwa amesikia yote, tangu ngiri. Nilijaribu kumtazama, akaangalia vikombe.

"Noela, mimina," akasema baba yake kwa upole ambao sikuupenda. "Wageni wanywe chai kwanza."

Imran naye akaamua kuokoa jahazi kwa akili yake yote, ambayo haitoshi kujaza kijiko.

"Mzee, kwa nini tusipige picha? Bunduki ya Kapteni tumekuja nayo. Iko hapo nyuma."

"Mmeingia nyumbani kwangu na nini?"

"Hodi!"

Sauti ilikuwa ya kike, na haikusubiri kukaribishwa. Aliingia askari polisi, koplo, binti mdogo tu, kibao cha jina kifuani kimeandikwa Blessing. Nyuma yake mwenzake wa kiume. Nyuma ya huyo, dereva wetu wa bajaji, kidole kimenyooka kwangu.

"Ndiye huyo, afande. Na silaha imo kwenye salfeti."

Koplo Blessing alimwamkia Mzee Jilala kwanza, akamwomba radhi kwa usumbufu. Kisha akatugeukia.

"Mzigo ni wa nani?"

Kidole cha Imran kilifika kwangu kabla swali halijamalizika. Ndiye rafiki niliyekuwa naye.

"Bango lenu lipo stendi," akasema koplo. "Nimelisoma asubuhi hii. Linasema bunduki si ya mbao. Kibali kiko wapi?"

Nikasimama. Kila mtu ananitazama. Nikisema bunduki ni ya kweli, naenda jela miaka ambayo sitaki kuitaja. Nikisema ni ya mbao, nimesema bango ni la uongo, na Kapteni ni wa uongo, na Noela anasikia akiwa na chupa ya chai mkononi. Ningependa kuwaambia nilifikiri sana. Sikufikiri. Niliogopa tu.

"Ni mninga," nikasema.

"Sauti."

"Ni mninga, afande! Ni mbao!"

Mwenzake alishaitoa kwenye salfeti. Akaikwaruza kwa ufunguo, rangi ya viatu ikamchafua vidole, na chini yake ikatokea mbao nyekundu, nzuri, ya kitanda cha maharusi.

"Nani aliichonga?"

"Fundi wa vitanda."

"Kitako kakikosea," akasema askari yule, akampa mwenzake aone.

Koplo akafungua kijitabu chake.

"Kwa hiyo wewe si mwanajeshi."

"Si mwanajeshi."

"JKT?"

"Sikupita."

"Mgambo je?"

"Hata mgambo."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Ndiyo niliyoyasema redioni juu ya Donatus, kwa sauti ile ile iliyochekesha mkoa mzima. Niliona aibu, ndugu zangu, aibu ya kweli, na nilishangaa kwamba bado ninayo.

Noela akaweka chupa mezani.

Nikajiambia yamekwisha. Mke nimekosa, lakini jela nimeponea. Nikamsogelea Baba mdogo ili tutoke.

"Unakwenda wapi?" akauliza koplo.

"Nyumbani, afande. Si umeona ni mbao?"

"Bunduki nimeona. Sasa niambie, kama si mwanajeshi, hilo kombati umelivaa kama nani?"

Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na hilo linatangazwa kila mwaka mpaka watoto wanalijua. Dakika moja iliyopita nilikuwa nimeapa mbele ya polisi wawili kwamba mimi ni raia mtupu.

"Ni vazi la filamu tu," Imran akasema.

"La filamu lingeshonwa na fundi wenu wa vitanda," koplo akamjibu. "Hili ni la jeshi. Inama."

Nikainama. Akageuza ukosi wa shati langu. Makuruta, vijana wapya wa kambini, huandika majina yao humo ndani kwa kalamu ya wino, ili nguo zisipotee siku ya kufua. Hilo pia sikulijua.

"Donatus," akasoma. "Kombania B. Operesheni Tumaini."

Mzee Jilala akasimama.

"Soma tena, mwanangu."

Akasoma tena. Mzee akakaa chini polepole, kama mtu aliyeumwa mgongo ghafla.

"Nilimfungia mlango," akasema. Hakuwa anaongea na yeyote. "Na mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza. Swali moja tu, sikumuuliza."

"Donatus ni nani?" Baba mdogo akauliza. Hakuna aliyemjibu.

Noela ndiye aliyenigeukia.

"Ulisema uliulizia kambini."

"Nilisema."

"Ulimuuliza nani?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Noela, nilikuwa nakutaka. Sikujua njia nyingine."

Hakulia, wala hakunitukana. Alinitazama kama mwanamke anavyotazama dagaa wenye mchanga, akishaamua kuwamwaga.

"Namba ya huyu Donatus nani anayo?" akauliza koplo.

Imran alishaifuta. Mimi sikuwahi kuwa nayo. Noela akaanza kuitaja. Aliitaja yote, tarakimu kumi, taratibu, bila kutazama simu na bila kukosea. Nilikuwa nimekaa miezi mitano najiita mchumba wake, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba hata siku moja sikuwahi kuwa naye.

Koplo akapiga, akaweka spika. Zikasikika injini za mitumbwi na watu wanagombana kuhusu ndoo.

"Haloo?"

Akajitambulisha, akamweleza. "Kombati lenye jina lako limevaliwa na raia, anaitwa Mwigulu. Nisikilize vizuri. Ukisema alikuibia, namfungulia na kesi ya wizi juu ya hii ya sare. Ukisema uliliacha mwenyewe kwenye mambo yenu ya filamu, na wewe utakuja kunieleza kwa nini hukulirudisha kambini. Sema ukweli."

Injini zinanguruma.

"Mwigulu yule wa redio?"

"Huyo huyo."

Sikuwahi kumwomba mtu kitu kwa moyo wote kama nilivyomwomba Donatus dakika ile, bila kutoa sauti. Nilimwomba ajitie matatani kwa ajili yangu, mimi niliyemfukuza mjini kwa uongo. Hata katika kuomba nilikuwa sina haya.

"Afande," akasema, "Noela yupo hapo?"

"Yupo."

"Naomba niongee naye kwanza."

Koplo alimtazama Mzee Jilala. Mzee akaitikia kwa kichwa. Spika ikazimwa, Noela akapewa simu, akaenda nayo dirishani na kutupa mgongo. Alisikiliza muda mrefu. Chai ilianza kupoa. Imran, rafiki yangu, alikuwa ameshatoa simu yake anarekodi.

"Bado sijaposwa," tukamsikia Noela akisema. Akasikiliza tena. "Hapana, hajakimbia. Yupo hapa hapa, ndani ya shati lako." Akasikiliza tena, akageuka, akanitazama kutoka buti mpaka ukosi. "Fanya unavyoona ni haki," akasema, na akamrudishia koplo simu.

Koplo aliiweka sikioni. "Ndiyo... Una uhakika?... Unajua maana yake kwako?... Sawa." Akakata, akaandika mistari miwili, akafunga kijitabu.

"Kasema nini, afande?" nikauliza.

"Vua shati kwanza."

"Lakini kasema nini?"

"Nimesema vua. Kesi ya sare iko pale pale."

Nikaanza na kifungo cha juu. Nilipofika cha pili, mwenzake alichomoa pingu kiunoni, akaziweka mezani kati ya vikombe vya chai, akasimama kunisubiri.